Ngoma za Mto Hudson: Jinsi Sherehe Zilivyogeuka Vita vya Kuukomboa Mto

Mto Hudson huanzia kwenye kiziwa kidogo mabegani mwa Mlima Marcy, kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani, na humwaga maji yake katika bandari ya Jiji la New York baada ya safari ya kilomita 507. Nusu yake ya chini ina tabia za bahari. Kutoka bandarini hadi bwawa la Troy, umbali wa kilomita 246, maji hupwa na kujaa kila siku, na samaki wa baharini hupanda humo kutaga mayai. Bonde lake limebeba viwanda, reli, mashamba ya matajiri na vijiji vya wavuvi, vyote vikigombea ukingo uleule mwembamba.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili watu wa bonde hili wamekuwa wakifanya sherehe karibu na mto wao. Ukizifuata sherehe hizo moja baada ya nyingine unaiona historia ya mto wenyewe: nani aliruhusiwa kufika majini, nani alifukuzwa, nini kilitupwa humo, na nani hatimaye alisimama akasema basi.

Kilima cha Pinkster, kabla ya 1811

Mwaka 1609 Henry Hudson, nahodha Mwingereza aliyeajiriwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, alipandisha merikebu yake Halve Maen hadi karibu na mahali ulipo mji wa Albany leo. Aliwakuta Walenape na Wamohican, watu waliokuwa wakivua na kulima kwenye kingo hizo kwa karne nyingi. Nyuma yake walikuja walowezi wa Kiholanzi na sikukuu zao, ikiwamo Pentekoste, waliyoiita Pinkster. Walikuja pia na watumwa kutoka Afrika. Waingereza walipoitwaa koloni mwaka 1664, utumwa ulibaki na ukazidi kukua. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 katika jimbo la New York, na wengi wao walikuwa mashambani na majumbani kwenye bonde hili. Sojourner Truth, mwanamke aliyekuja kutikisa Marekani kwa hotuba zake dhidi ya utumwa, alizaliwa humu humu akiwa mtumwa, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

Kwa mabwana, Pinkster ilikuwa sikukuu ya kanisa na ya mapumziko. Watumwa waliichukua wakaifanya yao. Mjini Albany walikusanyika juu ya kilima ambapo leo yamesimama makao ya serikali ya jimbo, wakajenga vibanda vya matawi, na kwa siku kadhaa kilima kikawa chao. Aliyetawala sherehe alikuwa mzee aliyeitwa King Charles, ambaye inasimuliwa kwamba alizaliwa Angola. Alivaa koti jekundu la afisa wa jeshi la Uingereza lililopambwa nyuzi za dhahabu, na hakuna aliyeanza kucheza kabla yake.

Daktari na mtaalamu wa viumbe James Eights, aliyeishuhudia ngoma hiyo utotoni, aliacha maelezo ambayo kila ninapoyafikiria nauona mto ndani yake. Ngoma kuu, anaeleza, ilitengenezwa kwa mgono wa kutegea mikunga: mdomo wake mpana uliwambwa ngozi ya kondoo iliyosafishwa, na manju akaikalia na kuipiga kwa mikono. Chombo cha kazi cha wavuvi wa Hudson kikageuzwa chombo cha furaha na watu ambao hata miili yao haikuwa mali yao.

Mwaka 1811 halmashauri ya Albany ilipiga marufuku vibanda, ngoma na maandamano ya Pinkster. Sababu iliyotolewa ni ulevi na fujo, ile ile inayotolewa kila mahali wakubwa wanapochoshwa na ngoma za wadogo. Hofu ilikuwepo pia. Mwaka 1793 moto ulikuwa umeteketeza sehemu ya mji, na mwaka uliofuata watumwa watatu, wawili kati yao wasichana wadogo, walinyongwa kwa kosa la kuuwasha. Isitoshe, tangu 1799 jimbo lilikuwa na sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua, na umati wa Waafrika wanaofuata mfalme wao wenyewe haukuwa tena mchezo machoni pa mabwana. Utumwa ulikwisha rasmi New York tarehe 4 Julai 1827, lakini marufuku ya ngoma ilibaki kwenye vitabu vya Albany hadi 2011.

Mizinga ya 1825

Sherehe kubwa iliyofuata ilikuwa ya serikali. Mwaka 1807 Robert Fulton alikuwa ameonyesha kwamba meli ya mvuke inaweza kutoka New York hadi Albany kwa saa 32 za mwendo, bila kungoja upepo. Miaka kumi baadaye jimbo lilianza kuchimba mfereji wa kuunganisha Hudson na Ziwa Erie, kilomita 584 kuelekea magharibi. Walioupinga waliuita upuuzi wa gavana DeWitt Clinton. Ulikamilika Oktoba 1825.

Siku ya kufungua, mizinga ilipangwa kutoka Buffalo hadi New York, kila mmoja ukisubiri mlio wa ule uliotangulia. Habari ilifika jijini kwa takriban saa moja na nusu, wakati ambapo hakukuwa na simu ya aina yoyote. Clinton mwenyewe alisafiri kwa chombo kilichoitwa Seneca Chief, akateremka Hudson huku kila mji ukimpokea kwa fataki na karamu, na tarehe 4 Novemba akamimina pipa la maji ya Ziwa Erie katika bahari ya Atlantiki.

Maana ya tendo hilo ilieleweka na wote: mto sasa ni barabara. Gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo kati ya Buffalo na New York ilishuka kutoka karibu dola 100 hadi chini ya dola 10. Jiji la New York likaziacha mbali Philadelphia na Boston, na kando ya Hudson vikaota viwanda vya matofali, chuma, sementi na ngozi. Mwaka huohuo wa 1825 mchoraji kijana Thomas Cole alipanda mto kwa meli ya mvuke, akarudi na picha za milima na misitu zilizozaa mkondo mzima wa wachoraji wa mandhari. Watu wakaupenda mto wao ukutani wakati ule ule walipoanza kuuharibu nje.

Kisha likaja jambo lisilosherehekewa sana ingawa madhara yake yapo hadi leo. Mwaka 1851 reli ya ukingo wa mashariki ilifika mkabala wa Albany. Mainjinia walichagua njia iliyo tambarare na rahisi kuliko zote, yaani kandokando kabisa mwa maji. Kijiji baada ya kijiji kikakatwa na mto wake kwa reli. Mtoto aliyetaka kuogelea alipaswa kuvuka treni. Kwa viwanda, hata hivyo, mpango ulikuwa mzuri mno: treni mlango wa mbele, mto mlango wa nyuma, na kila takataka ikatokea mlango wa nyuma.

1909: wiki mbili za fahari

Ilipotimia miaka 300 tangu Hudson na mia moja na ushee tangu Fulton, New York iliandaa sherehe ambayo bonde hili halijaona mfano wake. Kuanzia tarehe 25 Septemba hadi 9 Oktoba 1909, miji yote kutoka bandarini hadi Troy ilipambwa. Meli za kivita za mataifa mbalimbali zilijipanga mtoni, na usiku madaraja na majengo yakawaka taa za umeme, kitu ambacho wengi walikuwa bado wanakistaajabia.

Waholanzi walileta nakala ya Halve Maen waliyoiunda kwao. Wamarekani nao waliunda upya meli ya Fulton. Siku ya kwanza, mbele ya umati, nakala hizo mbili ziligongana. Hakuna aliyeumia vibaya, lakini wasimuliaji wa bonde hilo hawajawahi kuisahau aibu hiyo. Aliyewafunika wote alikuwa Wilbur Wright. Tarehe 4 Oktoba aliruka kwa ndege yake kutoka kisiwa cha Governors, akaufuata mto hadi kaburi la Rais Grant na kurudi, dakika 33 angani, mtumbwi ukiwa umefungwa chini ya ndege endapo angeanguka majini.

Lilikosekana jambo moja tu: mto wenyewe. Waliosherehekewa ni nahodha, mhandisi, umeme na jeshi. Maji yalikuwa uwanja wa maonyesho. Siku zile zile za shangwe, majitaka ya jiji yalikuwa yakiteremka moja kwa moja humo, na vitanda vya chaza vilivyowalisha watu wa bandari kwa vizazi vilikuwa vimeanza kuleta homa ya matumbo. Vitanda vya mwisho vya jiji vilifungwa mwaka 1927.

Mto wa nyuma ya nyumba, hadi 1962

Miongo iliyofuata inaweza kuelezwa kwa haraka kwa sababu ilikuwa hadithi ileile ikizidi kuwa mbaya. Katika mji wa Tarrytown, palipokuwa na kiwanda cha magari, wakazi walisema wakiutazama mto wanajua magari ya siku hiyo yanapakwa rangi gani. Upande wa magharibi wa Manhattan ulimwaga majitaka ghafi mtoni, galoni milioni 150 kwa siku, hadi mtambo wa kusafishia ulipoanza kazi mwaka 1986. Huko juu, katika miji ya Fort Edward na Hudson Falls, viwanda viwili vya General Electric vilitengeneza kapasita kuanzia 1947 hadi 1977 kwa kutumia kemikali za PCB. Kwa makadirio ya serikali, hadi kilo 590,000 za kemikali hizo ziliingia mtoni. Hazina rangi wala harufu ya kumshtua mpita njia. Hukaa kwenye matope, huingia kwenye minyoo, kisha kwenye samaki, kisha kwenye mwili wa mlaji.

Sherehe za mto zilikufa zenyewe. Mji gani uende kufanya karamu mbele ya bomba la majitaka? Ukingo ukawa mahali pa majalala na matangi ya mafuta, na vizazi vikakua vikiambiwa visiukaribie.

Mlima Storm King, 1962 hadi 1965

Mageuzi yalianza kwa mpango wa umeme. Mwaka 1962 kampuni ya Con Edison ilitangaza kwamba itachimba kwenye Mlima Storm King, mahali ambapo mto hubanwa kati ya majabali, ili kujenga mtambo wa kuvuta maji hadi bwawa la juu usiku na kuyaachilia mchana. Mwaka uliofuata wakazi wachache waliunda muungano wa Scenic Hudson kuutetea mlima. Mwanzoni hoja yao ilikuwa uzuri wa mandhari, hoja ambayo wahandisi waliicheka. Nguvu iliongezeka walipojiunga na wavuvi, ambao walijua jambo lisiloonekana kwenye ramani za kampuni: mtoni hapo chini ya mlima ndipo samaki waitwao striped bass hutaga, na mitambo ingenyonya mayai na vifaranga vyao.

Tarehe 29 Desemba 1965 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba raia waliojali mandhari, historia na viumbe wa mahali wana haki ya kusikilizwa, hata kama hawana mali iliyoharibiwa. Uamuzi huo ulifungua mlango wa sheria za mazingira za Marekani. Kesi yenyewe iliendelea hadi 1980, Con Edison ilipokubali kuachana na mlima.

Mwaka 1966 wavuvi nao waliunda chama chao wakiongozwa na mwandishi wa habari Robert Boyle. Hawakuwa watu wa kupanga mashairi juu ya machweo. Walifukua sheria ya 1899 iliyokataza kutupa taka katika mito inayopitika kwa vyombo, na iliyompa mtoa taarifa nusu ya faini. Walianza na kampuni ya reli iliyokuwa ikimwaga mafuta huko Croton, wakashinda, na wakalipwa dola 2,000.

Jahazi la Clearwater, 1966 hadi 1972

Mahakama ilikuwa imetoa haki ya kuutetea mto. Je, watu wa kuutetea wangetoka wapi, ikiwa wengi hawajawahi kuugusa? Hapa ndipo anapoingia mpiga banjo Pete Seeger. Alikuwa akiishi mjini Beacon tangu 1949, katika nyumba ya magogo aliyoijenga mwenyewe mlimani akiutazama mto. Mwaka 1955 alikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akahukumiwa mwaka 1961, na hukumu ikatenguliwa mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi alifungiwa milango ya televisheni kubwa. Alikuwa amezoea kuimba penye watu wachache.

Rafiki yake alimwazima kitabu cha zamani kuhusu majahazi yaliyobeba matofali, majani ya mifugo na abiria mtoni katika karne ya kumi na tisa. Seeger akapata wazo lililoonekana la kichaa: waunde jahazi kama lile, walipitishe mji kwa mji, na kila linapotia nanga pawe na muziki na chakula. Mwaka 1966 wakaanzisha shirika na kuchangisha fedha kwa maonyesho ya muziki kwenye uwanja wa nyumba ya marafiki huko Garrison. Jahazi liliundwa katika jimbo la Maine, likashushwa majini tarehe 17 Mei 1969, likapewa jina Clearwater.

Mabaharia wa pwani yetu wasingelishangaa sana. Lina urefu wa mita 32, mlingoti mmoja unaokaribia mita 33, na tanga kuu ambalo halipandi mpaka watu wengi washike kamba na kuvuta kwa pamoja, wimbo ukiwapa mwendo. Seeger aliujua uhusiano wa wimbo na kazi ya majini. Mwaka 1964 yeye, mkewe Toshi na mtoto wao walirekodi filamu fupi ya wavuvi wa Ghana wanaoimba wakipiga makasia. Kwenye Clearwater kamba huvutwa na abiria wenyewe: mwanafunzi, mstaafu, diwani. Tanga likishapanda hutupwa wavu, na samaki wanaopatikana huwekwa kwenye tangi la maji ili watoto wawaangalie kabla ya kurudishwa. Mtoto aliyeambiwa maisha yake yote kwamba mto umekufa huonyeshwa mkunga aliye hai.

Si kila gati lililipokea kwa shangwe. Wapo waliosema ni jahazi la wakomunisti, na Seeger alijua kwamba jina lake lenyewe ni mzigo kwa chombo. Dawa yake ilikuwa chakula. Stroberi zikiwa zimeiva, jahazi lilikuja na stroberi. Majira ya mapukutiko liliteremka na shehena ya maboga ya kuuza kwenye magati. Mtu asiyetaka kusikia hotuba hushuka kununua boga, akiwa pale anaona bomba linalotoa maji meusi, anauliza.

Aprili 1970 Clearwater lilifika Washington kwa Siku ya Dunia ya kwanza. Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Maji Safi kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais Nixon. Ingekuwa uongo kusema jahazi moja ndilo lililoleta sheria hiyo. Jimbo la New York lilikuwa tayari limepiga kura mwaka 1965 kukopa dola bilioni moja za kujenga mitambo ya majitaka, na mito mingine nchini ilikuwa na vilio vyake. Hata hivyo, sheria ilipokuja, bonde la Hudson lilikuwa na watu tayari wa kuitumia. Watu wa kujitolea wa Clearwater walianza kukagua mabomba ya viwanda na kupeleka ushahidi kwa waendesha mashtaka.

Rasi ya Croton, 1978

Rasi ya Croton imejitokeza mtoni kama kilomita 50 kaskazini mwa jiji. Chini ya udongo wake yapo marundo ya makombe ya chaza zilizoliwa na wenyeji maelfu ya miaka kabla ya Wazungu. Baadaye palikuwa na mizabibu, kisha tanuri za matofali. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kaunti ikapafanya jalala, na taka zikapanda zikawa kilima. Jalala hilo lilikuwa bado likipokea malori mwaka 1978, tamasha la muziki la shirika la Clearwater lilipohamia hapo kwa siku mbili za mwezi Juni. Jalala lilifungwa mwaka 1986, na leo kilima kinaota nyasi.

Kuchagua mahali hapo kulikuwa hoja tosha. Aliyelisimamia tamasha ni Toshi Seeger, na wanaolijua husema bila yeye pasingekuwa na kitu. Mumewe aliota, yeye akahesabu vyoo. Mamia ya watu wa kujitolea waligawiwa kazi, wakalala kwenye mahema na kulishwa jikoni moja. Wakalimani wa lugha ya alama walisimama jukwaani pamoja na waimbaji. Mabaki ya chakula yalitenganishwa kwa ajili ya mboji kabla jambo hilo halijawa la kawaida. Palikuwa na mahema ya wanasayansi, wanaharakati na wasimulizi wa hadithi, na ufukweni mashua ndogo zilipandisha watu.

Kuna uchungu ndani ya furaha hiyo, na waandishi wengi huupita haraka. Mwaka 1976, miaka miwili kabla ya tamasha kuhamia hapo, jimbo lilifunga uvuvi wa biashara wa striped bass na kukataza uvuvi wote katika mto wa juu kwa sababu ya PCB. Familia zilizoishi kwa nyavu zilipoteza kazi wakati ule ule maelfu ya wageni wa mjini walipoanza kuja kucheza ukingoni. Mto ulipata marafiki wapya kwa kuwapoteza wenyewe wa zamani. Mwaka 2010 uvuvi wa shad nao ulifungwa mtoni kote, na miji iliyokuwa ikimchoma samaki huyo ukingoni kila majira ya machipuko ikabaki na karamu bila samaki wake.

Sherehe zazaa sherehe

Kuanzia miaka ya 1980 mbegu ilitawanyika. Mjini Beacon, kilabu cha majahazi kilichopanga katika jengo la zamani la mgahawa lililoota mti katikati ya paa lake, kiliendeleza karamu za stroberi, mahindi na maboga kwenye bustani iliyojengwa juu ya jalala la zamani. Mwaka 1983 chama cha wavuvi kilimwajiri mlinzi wa mto wa kudumu, John Cronin, aliyezunguka kwa mashua akitafuta wachafuzi. Mwaka 1996 Bunge lilitangaza bonde zima kuwa eneo la urithi wa taifa, na tangu 2000 kila Septemba hufanyika matembezi ya bonde zima: watu hupanda vilima, hupiga makasia, huzuru ngome na nyumba za kale. Tangu 2003 wanafunzi hushuka mtoni siku moja ya mapukutiko, kila shule mahali pake, wakivuta juya, wakipima chumvi na kuhesabu samaki, na takwimu zao hukusanywa pamoja. Tai wenye kichwa cheupe, waliokuwa wametoweka, waliangua kinda kwenye Hudson mwaka 1997 kwa mara ya kwanza katika miaka mia moja. Sasa wana sherehe yao katikati ya baridi, na watu hujipanga na darubini kwenye rasi ya Croton. Hata Pinkster imerudi, inachezwa kwenye shamba la kale la Philipsburg Manor, na safari hii waongozaji hueleza bila kificho nani walikuwa watumwa wa nani.

Mwaka 2009 ulitimiza miaka 400 tangu Hudson. Ukilinganisha na 1909, tofauti ni kubwa. Kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu si meli za kivita. Ni daraja la zamani la treni la Poughkeepsie, lililojengwa 1889 na kuungua 1974, ambalo tarehe 3 Oktoba 2009 lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu, likiwa na urefu wa kilomita mbili. Reli ya ukingoni ilikuwa imewanyima watu mto; sasa daraja la reli likawa baraza la kuutazamia. Mwaka huohuo ndipo General Electric ilipoanza, kwa amri ya serikali kuu, kuchota matope yenye sumu. Kazi ilikwisha 2015, baada ya kuondoa takriban mita za ujazo milioni 2.1.

Baada ya Seeger

Toshi Seeger alifariki Julai 2013 na Pete Januari 2014. Tamasha lao halikufanyika 2016, likakatizwa tena wakati wa UVIKO-19, na limeendelea kusumbuliwa na gharama. Beacon nayo imekuwa tajiri. Tangu jumba kubwa la sanaa lifunguliwe mwaka 2003 katika kiwanda cha zamani cha maboksi, wageni wa New York hushuka kwenye treni ile ile ya ukingoni, na kodi za nyumba zimepanda juu ya kipato cha wengi waliovumilia miaka ya uchafu. Mto safi nao huwa na bei, na wanaoilipa si lazima wawe wale walioupigania.

Kwa maoni yangu, sherehe hazikuusafisha mto Hudson. Uliusafisha uamuzi wa mahakama, fedha za walipakodi, sheria ya 1972, na viwanda vilivyofungwa kwa sababu zake vyenyewe. Sherehe zilifanya kazi ambayo sheria haiwezi: ziliwarudisha watu ukingoni na kuwapa sababu ya kukasirika. Mipango yetu ya mito ya Afrika Mashariki, ambayo mara nyingi huanza na mabomba na tingatinga na kuishia hapo, ingefaa kuliangalia hilo. Viongozi wa siku moja wakiokota chupa mbele ya kamera hawafanyi tamasha la mto. Tamasha la mto ni lile ambalo mwenyeji hulisubiri, hulipikia, na mwaka ujao huuliza kwa nini lile bomba bado linamwaga.

Na kazi haijakwisha. Kipande cha mto kati ya Hudson Falls na Troy kilifunguliwa tena kwa wavuvi wa ndoano mwaka 1995, kwa sharti ambalo bado lipo: samaki unayemvua humo, unamrudisha majini.